Hodi ya Tatu

Jumamosi ile niliamka mapema, nikanunua mahamri kwa Bi. Mwanaisha, nikashika njia ya hospitali. Siku za kazi nilikuwa karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Jumamosi nilizunguka wodini na akina mama wa kanisa letu kuwaombea wagonjwa. Kwa wale waliokuwa wakikata roho nilitumwa mimi, na nilisifika kwa hilo. Niliwashika mkono nikawaambia kwamba Mkristo haogopi kufa, kwamba mlango uko wazi na Bwana anangoja. Niliyasema kwa sauti tamu. Nikiikumbuka leo, natamani kuziba masikio.

Bi. Mwanaisha alikuwa jirani yangu Bondeni, kwenye kichochoro kinachoelekea Mji wa Kale. Kati ya mlango wake na wangu palikuwa na hatua kumi na mbili. Nilipohamia kutoka bara nilikuwa nikimgongea kwa ngumi na kupiga kelele, mpaka siku moja akaniketisha kunifunza adabu ya mji.

"Hodi ni tatu, Mama Neema. Ukiitikiwa, ingia. Kusipoitikiwa, rudi zako, usimfedheheshe mwenye nyumba."

Nilimtania kwamba kwetu tungekufa njaa tukingoja nje. Alicheka, lakini sheria yake haikulegea. Kwa miaka tisa ya ujirani wetu hakupata kubisha mara ya nne.

Mapigano yalianza Jumatatu iliyofuata. Vijana wenye bunduki na askari walirushiana risasi upande wa sokoni, na kufikia Jumanne maduka yote yalikuwa yamefungwa. Kwenye kuta paliandikwa kwamba watu wa bara waondoke. Binti yangu Neema alikuwa shuleni huko bara, nikamshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu barabara za kutoka kisiwani zilikuwa hazipitiki. Mtaa wa pili fundi cherehani mmoja wa kwetu alitolewa ndani akauawa. Habari ikaenea kwamba wauaji walimshika jirani yake wakamlazimisha abishe hodi, na yule fundi, kwa kuijua sauti, akafungua. Sijui kama ilikuwa kweli. Mimi niliiamini.

Jumatano baada ya adhuhuri milio ilifika kichochoroni kwetu. Nikatia komeo, nikaingia mvunguni mwa kitanda na Biblia yangu. Nilijaribu kusema ile zaburi niliyokuwa nikiwasomea watu kila wiki. Mstari wa kwanza ulikuja. Wa pili haukuja.

Milio ikanyamaza.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Bi. Mwanaisha, ya chini na ya taratibu.

Nikaiuma kanga.

"Hodi, Mama Neema. Ni mimi. Ndoo kwangu, tukae sote."

Nilisikiliza kama kuna miguu mingine nyuma yake. Sikusikia kitu, na ukimya huo ukanitisha zaidi. Nilidhani wauaji wamebana pumzi. Nikamwambia Mungu nitafungua, anipe dakika moja tu. Nilikuwa nikimdanganya. Sikuwaza mbingu wala ufufuo. Nilitaka kuishi, basi.

"Hodi."

Nilijua ni ya tatu. Nilijua hakuna nyingine.

Champali zake zikaondoka. Nikazihesabu hatua. Nne. Tano. Sita.

Kisha risasi mbili.

Nilitoka alasiri, askari walipopita na kipaza sauti wakitangaza kwamba mtaa umetulia. Alikuwa amelala ubavu katikati ya kichochoro, na mkononi alikuwa na buibui la pili, limekunjwa vizuri, limepigwa pasi. Alikuja kunivisha nisitambulike, nivuke nalo hadi kwake. Wanaume walipombeba, lile buibui lilianguka nikaliokota. Risasi zilitoka upande gani, hakuna aliyesema.

Kanisani walitaka nitoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyonificha. Sikusimama. Mchungaji peke yake ndiye niliyemweleza, naye akanikumbusha habari za Petro, aliyemkana Bwana mara tatu na bado akasamehewa. Nikamjibu kwamba Petro alipata kuketi tena ufuoni na yule aliyemkana, wakala samaki pamoja.

Nimeipima siku ile mara nyingi mno. Huenda ningefungua kwa hodi ya kwanza tungekuwa ndani kwake kabla ya risasi. Huenda tungelala wawili pale chini. Bado naamini ufufuo. Lakini sasa najua kwamba imani yangu ilikuwa haijawahi kuulizwa swali, na ilipoulizwa mara tatu haikujibu. Jumamosi bado naenda hospitali. Mwezi uliopita mzee mmoja aliniambia anaogopa, nikamwambia hata mimi naogopa, nikabaki nimemshika mkono mpaka akalala.

Mwaka huu Rukia, binti yake Bi. Mwanaisha, alikuja kutoka Malindi kuifunga nyumba ya mamake. Kwa miaka saba alikuwa akiamini kwamba siku ile mimi nilikuwa nimeshakimbia, na kwa miaka saba nilimwacha aamini hivyo. Alibisha hodi kwangu, nikamwitikia hata hajamaliza. Nilimkaribisha, nikalitoa lile buibui kabatini, nikaliweka mapajani mwake.

"Nilikuwamo ndani, Rukia," nikamwambia. "Nilizisikia hodi zake zote tatu."

Nilingoja anitukane, nadhani nilitaka anitukane. Akawa anapapasa mkunjo wa pasi, ambao ulikuwa bado unaonekana.

"Basi mamangu alirudi akijua umeshakimbia, umesalimika," akasema. "Alikufa na hilo moyoni."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Akainuka, akaliacha buibui juu ya kiti. Nikamwambia alichukue, ni la mamake.

"Ni lako," akasema. "Alikuletea wewe."