Ripoti Yangu Kuhusu Gari Jipya

Nichekeni tu, jamani, mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha.

Hoteli yetu hapa Diani ina kina Juma wawili: Juma dereva, na mimi, mwangalizi wa chumba cha michezo. Juzi Bi Mwanasiti wa mapokezi alinipigia simu. "Juma, tajiri ataka ulijaribu gari jipya siku mbili, kisha umweleze uzuri wake na kasoro zake."

Wiki hiyo tulikuwa tumeletewa kompyuta yenye mchezo wa magari, unaendesha mjini popote upendapo. Nikaona nimeheshimiwa. Niliendesha hata chakula nikala kwa mkono mmoja.

Siku ya tatu niliitwa ofisini. Tajiri alikuwa ameketi na muuzaji wa magari kutoka Mombasa.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Haya, tueleze."

"Lina mbio, bwana! Nimepita nalo bustanini, sokoni, hata kwenye ngazi. Watu huruka pembeni wenyewe. Nimegonga kuta nyingi, halikupata hata mkwaruzo."

"Ni gari imara," muuzaji alisema kwa sauti ndogo.

"Na kasoro?" tajiri aliuliza, mkono kichwani.

"Breki hazishiki. Na likitumbukia baharini huchelewa kurudi barabarani."

Muuzaji alisimama. "Umelitumbukiza baharini gari langu?"

"Mara sita tu."

Walikimbilia dirishani. Gari jeupe lilikuwa uani, viti vingali na nailoni. Juma dereva alikuwa ameliegemea.

"Tajiri," aliita, "bado nangoja ufunguo!"

Tajiri alinigeukia taratibu. "Juma, wewe umeendesha gari gani?"

"La kwenye kompyuta, bwana."