Mfuko wa Kulia

Nilimtambua mtu kwa mfuko wa shati. Sura yake haikuonekana kabisa.

Siku ya kumi na mbili akazikwa.

Kabla hujanitukana nisikilize mpaka mwisho. Halafu tukana, nimeshazoea.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, za walinzi, za madereva. Nafanya kazi na mama yangu mzazi kwenye chumba kimoja cha barabarani, yeye na vifungo vyake, mimi na mashine. Simu yangu huwa naiegemeza kwenye kopo la bobini za nyuzi, na humo ndimo alimokuwa Tetea.

Kama hukuwahi kumfuata Tetea, hongera zako.

Alikuwa mama mcheshi anayejirekodi kila asubuhi akipiga deki sebuleni kwake huku akimwaga ya moyoni. Jina hilo la kuku alijipa mwenyewe. Sisi tukajiita vifaranga. Akianza kuzungumza, tunaambiana banda limefunguliwa. Anayemsema vibaya ni mwewe, na mwewe anadonolewa: tunamvamia kwenye ukurasa wake maelfu kwa maelfu mpaka anafuta akaunti. Neno letu la vita lilikuwa jina lake, TETEA, na tulilitii kama amri.

Mimi huko ndani niliitwa Kifaranga Sindano.

Mama aliwahi kuniuliza kama huyo mwanamke ananijua. Nikamjibu kwamba anatupenda sana. Akarudia swali lilelile. Nikakanyaga mashine nisimsikie.

Jumatatu moja Tetea akaweka picha na maneno machache: "Shemeji yangu leo amenitoa machozi. Sitasahau alichonifanyia."

Kisha kimya.

Pichani kulikuwa na kifua cha mwanaume, shati la bluu mpauko, na mkono ulioshika kalamu ukisaini karatasi. Basi.

Tulijua mume wa Tetea anaumwa. Haikupita saa nzima tukawa na hadithi kamili: huyo shemeji anamwibia kaka yake nyumba, na karatasi ile ndiyo ya nyumba. Nani alianza kusema hivyo, sijui mpaka leo. Ilikuwa tu imeshakuwa kweli.

Mama akavaa miwani akasoma begani kwangu.

"Mwanangu, alichonifanyia hicho ni kizuri au kibaya? Mbona hajasema?"

"Mama, mtu ametolewa machozi."

"Hata mimi nililia siku nilipokuzaa."

Sikumsikiliza, kwa sababu nilikuwa nimeshauona mfuko.

Shati la kiume mfuko wake hukaa kushoto. Ule ulikuwa kulia. Na mkono wenye kalamu ulikuwa wa kushoto. Maisha yangu yote nimeshona shati moja tu la namna hiyo, la dereva mmoja wa basi la shule. Alikuja kupimwa akaniambia, "Fundi, mimi ni mashoto. Niliumbwa haraka haraka, mikono ikabadilishana. Niwekee mfuko kulia." Tulicheka mpaka mama akadondosha vifungo. Wakati anasubiri, akamtungia mama uzi kwenye sindano, maana macho ya mama yamechoka.

Yote hayo niliyakumbuka. Na bado moyo ulinidunda kwa furaha. Wacha niseme ukweli, ilikuwa furaha.

Nikaandika: "Mwewe namjua. Ni dereva wa basi la shule. Anakaa nyuma ya kituo cha mafuta, geti la kijani. Hilo shati nimelishona kwa mikono yangu mwenyewe."

Jamani, simu ilitetemeka hadi ikaanguka kutoka kwenye kopo. Nikatangazwa Jogoo wa Siku. Mimi, ambaye mteja akiingia anauliza fundi yuko wapi hali nimekaa mbele yake.

Vifaranga wakaanza kazi. Shule ilipigiwa simu mpaka ikamsimamisha kazi. Siku ya tatu akajitokeza mwanamke mwenye ukurasa usio na picha: "Mume wangu amemtolea kaka yake figo. Karatasi ile ni ya hospitali. Wote wawili wako wodini. Tafadhali tuacheni."

Nilimjibu mimi, wa kwanza kabisa.

"Mke wa mwewe naye anakula nyama."

Walicheka watu elfu tisa.

Siku ya kumi, vifaranga kama ishirini wakaenda na simu zao kwenye geti la kijani. Nilikuwa natazama moja kwa moja huku naunga mkono wa gauni. Alitoka ameinama, ameshika ubavu. Alivaa shati lile. Alisema neno moja tu, tena kwa upole: "Karibuni ndani tuzungumze."

Mmoja akamvuta shati, likachanika. Mwingine akamsukuma. Akaangukia ngazi kwa ule ubavu, hakuinuka tena. Na chini ya video maneno yalikuwa yanapita tu, TETEA, TETEA, TETEA.

Kidonda kilifumuka kwa ndani. Kesho yake akafariki.

Muda wote huo Tetea alikuwa hospitalini na mumewe, simu kaizima. Aliiwasha baada ya mazishi. Akatokea amejifunga kanga kichwani, sauti imekauka. Akasema machozi yale yalikuwa ya shukrani. Akasema, "Mmeniulia shemeji yangu."

Nilidhani tutanyamaza wote kwa aibu.

Maoni ya kwanza yakasema amelazimishwa. Ya pili yakasema tazameni macho yake, kuna mtu anamsomesha. Mpaka jioni mwewe mpya alikuwa ameshapatikana, naye alikuwa mjane wa yule dereva.

Kuku mwenyewe aliwaita vifaranga wakakataa kurudi.

Jumatano asubuhi mjane akaingia dukani kwetu. Mama akampa kiti, hakumjua. Akafungua mfuko akatoa shati la bluu, limechanika kuanzia kwapa hadi kiunoni.

"Shati hili lilishonwa moja tu," alisema. "Na aliyeandika alijisifu kwamba kalishona yeye. Sikuhitaji kukutafuta, Sindano."

Mama akaweka kifungo chini.

"Lishone. Nitasubiri."

Nilichukua uzi. Ukagoma kuingia kwenye sindano, mara tatu, mara nne. Mjane akaninyang'anya sindano taratibu, akaitunga uzi, akanirudishia. Alikuwa amekaa palepale alipokaa mumewe.

Nikashona. Alilikunja shati akaondoka bila kunisamehe wala kunilaani.

Mama siku hizi vifungo anavishonea nyumbani. Ananisalimia, basi.

Juzi simu ikalia: banda limefunguliwa. Kidole changu kilifika kabla akili haijafika. Nilipojishtukia, nilikuwa nimeshaandika herufi mbili za mwanzo, TE.

Ndugu yangu, majuto yangu hayamfufui mtu, lakini chukua hili. Ukijikuta unamtetea mtu asiyekujua kwa kumdonoa mtu unayemjua, weka simu chini.

Tetea sikuwahi kumjua hata siku moja. Yule dereva nilimjua. Nilimpima mabega.