Mwiko wa Bwana Daktari Rupert

Mimi ndiye niliyemnyamazisha Mjerumani.

Sikutumia mkuki wala bunduki. Nilitumia uongo mmoja mdogo, na kwa siku tatu nzima mkubwa wa dawa wa boma la Songea alinong'ona kama mwali.

Naitwa Xaveri. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa maandishi ya makasha ya dawa. Kazi yangu ilikuwa kumbebea Bwana Daktari Rupert sanduku na kumtafsiria maneno.

Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo baada ya kufikiri sana. Ila alikuwa hawezi kuongea bila kupiga kelele. Akisema habari za asubuhi, punda wa boma wanakata kamba.

Basi, mwaka wa pili baada ya vita vya Maji Maji, ndui ikaingia upande wa Namtumbo.

Ndui haina utani. Inaingia nyumba ya watu saba, inatoka imebakiza wawili.

Daktari alikuwa na vichupa vya chanjo, na chanjo ile ikikaa kwenye joto zaidi ya siku tatu inakufa. Tukakimbilia Mpitimbi.

Mpitimbi ni kwangu. Mke wangu Klementina alikuwa huko, na binti yetu Ekaristia, miaka minne.

Watu wakakusanyika. Daktari akainua kichupa juu.

"HII DAWA!" akanguruma. "UKIPATA HII, NDUI HAIKUUI!"

Jumbe Daimu, mkubwa wa kijiji, akakohoa. "Xaveri, mwulize. Mwaka ule wa vita tuliambiwa tukipata maji, risasi haituui. Hii na yenyewe imetekwa kisima gani?"

Watu wakacheka. Lakini hakuna aliyenyoosha mkono achanjwe.

Ndipo akasimama Bibi Kunegunda. Ndugu zangu, huyo alikuwa mama mkwe wangu, na kwetu mkwe humtazami usoni. Nikabaki naongea na vidole vya miguu yake.

"Mkwe, dawa hii mwiko wake ni upi?"

Nikamwuliza daktari.

"HAKUNA MWIKO!"

"Basi si dawa," akasema mama mkwe. "Hata dawa ya kikohozi ina mwiko. Twendeni shambani."

Na kweli watu wakaanza kuokota majembe. Nikamwona Klementina anamfunga Ekaristia mgongoni, anaondoka naye.

Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mwiko upo! Aliyechanjwa asijikune, na kidonda asikioshe siku tatu!"

"Huo ni wa mgonjwa," akasema mama mkwe. "Wa mganga je?"

Maana kwetu mwiko mzito anaubeba mganga.

Nikamtazama daktari. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Mganga asipige kelele," nikasema. "Akipiga, dawa yote imekufa."

Watu wote wakageuka kumwangalia. Kisha jembe la kwanza likarudi chini.

Nikamvuta pembeni nikamweleza.

"Xaveri! Dawa hii haina mwiko hata mmoja!"

"Haina, Bwana. Lakini watu wanao."

Akafungua mdomo. Akaona watu mia mbili wanausubiri. Akaufunga.

"Sawa," akanong'ona.

Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Siku ya kwanza alichanja watu themanini. Mama mmoja akamwaga togwa ndani ya buti lake. "Pole, Bwana, mkono umeteleza." Ukateleza tena, buti la pili.

"Asante," daktari akanong'ona, uso mwekundu kama nyanya.

Siku ya pili kuku alitaga kwenye kofia yake. Jumbe Daimu naye akaja kumsimulia safari ya Wangoni tangu kuvuka Zambezi, polepole, na kila daktari akitaka kumkatiza, anaanza upya.

Siku ya tatu kilibaki kichupa kimoja na watu arobaini. Ekaristia alikuwa mmoja wao, maana Klementina alitaka kwanza aone wa wenzake wanavyoendelea.

Mbuzi akaja akala daftari.

Lilikuwa daftari lenye majina yote ya waliochanjwa. Daktari alilala nalo kifuani kama mke. Mbuzi akaanza herufi A, bila haraka.

Daktari akasimama. Akavuta pumzi. Kifua kikajaa mpaka kifungo kikaruka. Watu arobaini wakarudisha mikono ndani ya nguo.

"Bwana," nikamwomba, "mwanangu bado."

Akanitazama.

Akakimbia mpaka kwenye chungu kikubwa cha pombe nje ya nyumba ya jumbe, akapiga magoti, akatumbukiza kichwa chote, akapiga ukelele.

Mama yangu! Chungu kilivuma kama mzinga uliochokozwa.

"Amepiga kelele!" akaruka Jumbe Daimu. "Dawa imekufa!"

"Kapiga ndani ya chungu," akajibu mama mkwe. "Chungu si Mpitimbi."

"Tumesikia wote!"

"Umesikia chungu. Na chungu ni chako, jumbe. Tukushtaki wewe?"

Jumbe akakaa chini.

Daktari akarudi, machicha ya pombe yamejaa kwenye ndevu.

"Anayefuata," akanong'ona.

Alikuwa Ekaristia. Hakulia hata kidogo. Alikuwa anatazama zile ndevu.

Baada ya majuma mawili ndui ilipita. Vijiji vya jirani vilizika watu. Mpitimbi hakufa mtu.

Wakubwa wa Dar es Salaam wakashangaa, wakampandisha Rupert kuwa mkuu wa madaktari wa kusini yote. Amri yake ya kwanza ilisema kila kituo cha chanjo kiwe na chungu kimoja kikubwa, kitupu. Sababu hakuitaja.

Mimi dhamiri ikawa inanisumbua. Jumapili moja nikaenda kwa mama mkwe, macho chini.

"Mama, nina dhambi. Mwiko ule niliutunga."

"Najua."

Akashusha mkono mpaka mbele ya macho yangu, akapandisha vikuku vyake. Chini yake kulikuwa na kovu la chanjo, la zamani kabisa.

"Nilichanjwa Kilwa, kabla ya vita. Mzungu wa kule alifoka kutwa nzima, na ndui haijanigusa."

"Sasa mama, kwa nini...?"

"Mwaka wa vita, Mjerumani akifoka asubuhi, jioni tunazika. Mpaka leo watoto wakisikia sauti ile wanajikojolea. Nilitaka waone siku tatu tu kwamba anaweza kunyamaza."

"Na kama angefokea nje ya chungu? Ekaristia je?"

"Ningesema ni radi."

"Kiangazi, mama?"

"Kiangazi hichohicho. Nani angenibishia? Wewe?"

Nikaendelea kutazama vidole vyake.

Nimechanja watu miaka mingi tangu siku hiyo, vijiji vingi, na nimejifunza taratibu: mara nyingi watu hawaikatai dawa, wanaikataa sauti inayoileta.

Na ukiona umemdanganya mama mkwe wako kwa urahisi sana, kaa chini ufikirie upya.