Pumzi ya Bi Mwanatabu

Bi Mwanatabu wa Mtongwe, jirani yangu ukuta kwa ukuta, ana mjukuu mmoja, Nadira. Alikuwa na wawili. Jalila, yule mkubwa, alianza chekechea. Wiki ya pili akarudi na surua, wiki ya tatu tukamzika. Toka siku hiyo Nadira hakuvuka kizingiti. Miaka mitatu aliuona ulimwengu kupitia wavu wa dirisha, na wanangu walipocheza ukuti uani, aliimba nao kutoka ndani, akizunguka peke yake.

Iliniuma. Nikamwendea bibi yake.

"Shikamoo, Bi Mwanatabu. Mwachie mtoto akasome. Ashafika miaka sita, anazungumza na mito ya kitandani! Hana mwenziwe."

"Marahaba. Mwenziwe alikuwa Jalila," akanijibu. "Na hao wanao, Mama Mwidani, makamasi mwaka mzima. Wallahi hawanigusii mtoto. Kinga ni bora kuliko tiba."

Makamasi hayo sikumsamehe. Wanangu nawafuta.

Kinga yake yeye ilikuwa dua. Kila baada ya magharibi alimpakata Nadira, akamsomea, kisha akampulizia usoni mara tatu, kama tulivyopuliziwa sote utotoni. Kati ya pumzi na pumzi, alikohoa. Alikuwa akikohoa tangu Ramadhani, akisingizia moshi wa makumbi ya nazi anayopikia mahamri. Nasi tulimwamini, kwani nani asiyekohoa kwa moshi wa makumbi?

Nadira akaanza kukonda. Niliwasindikiza zahanati, mtoto akapimwa: kifua kikuu. Muuguzi akauliza mtoto hucheza na nani.

"Hachezi na mtu," Bi Mwanatabu akasema, tena kwa fahari.

"Na nyumbani anayekohoa ni nani?"

Akafungua kinywa ajibu, kikohozi kikamtangulia.

Naye akapimwa, wote wawili wakaanzishwa dawa. Bibi akaambiwa akae chumbani peke yake kwa wiki kadhaa, mtoto, ambaye muuguzi alisema hawezi kuwaambukiza wenziwe, alale kwangu. Sasa Nadira ndiye anayecheza ukuti uani, na Bi Mwanatabu ndiye aliye nyuma ya wavu.

Jana magharibi alimwita dirishani amsomee.

"Abee, Bibi." Nadira akasogea, akasimama mbali kidogo, akaziba pua kwa viganja. "Pumzi yako ndiyo maradhi, Bibi."

Kisha akarudi mbio kwa wenziwe.

Bi Mwanatabu hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi, maana maneno yale nilimfundisha mimi, naye alijua.