Niliwaandikia wafagiaji wa kanjo majina kwenye list, kumbe "wamekubali" kupunguziwa kazi

Wakuu, habari zenu.

Mimi huwa nasoma tu hapa na kupita. Niko form three, na mbele ya watu sauti yangu hupotea, kwa hivyo mambo yangu mengi huishia kwa daftari. Lakini hili limenikaa kifuani. Nitaliweka vile lilitokea, hata pale naonekana mjinga.

Mji sitautaja. Ni mji mdogo, si mbali sana na Nakuru. Lori za mgodi wa Kariandusi zikipita zinaacha unga mweupe juu ya lami, na huo unga ndio mama yangu hufagia. Yeye ni casual wa kanjo, kibarua tu. Najua siku hizi inaitwa municipality, lakini kwetu bado ni kanjo.

Mwaka huu kanjo iliishiwa na pesa, ama ndivyo tuliambiwa. Mishahara ikaanza kuchelewa, kwanza wiki, halafu miezi.

Wakati huo huo kulikuwa na by-election, uchaguzi mdogo wa MCA, yule mwakilishi wa wadi, kwa sababu aliyekuwepo alitolewa na korti. Jioni gari la kampeni linapita na spika likituahidi kila kitu, asubuhi mama anabeba fagio lake na kwenda kazi ambayo hajalipwa.

Tukiwa likizo, mama akaniambia, "Kesho twende social hall. Kuna public participation ya bajeti. Utatusaidia kuandika."

Kwa wasiojua, sheria inataka wananchi waulizwe kabla bajeti ipite. Lakini nitasema ukweli: wengi huenda kwa sababu ya soda na mkate, na hupewi kama jina lako haliko kwa list. List ikikufikia, husomi. Unatafuta nafasi iliyo wazi, unaandika, unapitishia jirani. Hivyo ndivyo kila mtu hufanya.

Wafagiaji wengine walikuwa wameacha miwani nyumbani, wengine kalamu haijawahi kuwapenda. Cucu Njeri, nyanya ambaye amefagia huo mji tangu kabla nizaliwe, alinisukumia kitambulisho chake.

"Wewe msichana wa Rispa, una mwandiko kama wa mwalimu. Niandikie."

Akafuata mwingine, na mwingine. Niliandika majina yao karibu wote, kila mmoja akaweka sahihi pale nilimwonyesha. Wakuu, nilifurahi. Sijazoea kutafutwa na watu.

Page ya kwanza ilikuwa imekunjwa nyuma ya clipboard. Sikuifunua.

Afisa wa bajeti aliongea Kizungu na projector kwa muda mrefu sana. Mama alipouliza kuhusu mishahara, alijibiwa kwamba point yake imechukuliwa. Tukakunywa soda, tukaenda nyumbani.

Wiki kama tatu baadaye, supervisor aliwakusanya wafagiaji asubuhi pale store ya mafagio. Akawaambia kuanzia mwezi ujao watafanya kazi siku tatu kwa wiki badala ya sita. Wakapiga kelele. Yeye akatoa photocopy.

"Msinifokee mimi. Ninyi wenyewe mlikubali. Si majina yenu ni haya?"

Juu ya ile page ya kwanza palikuwa pameandikwa: Waliohudhuria na kuunga mkono mapendekezo ya bajeti.

Mama alinisimulia hayo akimenya viazi. Akamaliza kwa kusema, "Na mwandiko ni mzuri kweli."

Hakuniangalia.

Siku mbili nilizunguka na hesabu kichwani. Siku tatu za kazi ni nusu ya mshahara, na mama hana kazi nyingine. Niliwaza karo, kodi, halafu nikawaza Cucu Njeri akinipa kitambulisho chake bila wasiwasi. Siku ya tatu nilimwambia.

"Mama, sikufunua ile page ya kwanza."

"Na mimi je? Nina macho yangu mawili. Nilikuwa nayatumia kuangalia kreti za soda."

Akacheka kidogo, lakini hakikuwa kile kicheko chake cha kawaida.

Kulikuwa na wafagiaji waliotaka tuende kwa mmoja wa wale waliokuwa wanatafuta kura. Tukaenda. Mheshimiwa mtarajiwa akatusikiliza vizuri, akasema, "Mama zangu, nichagueni kwanza, hiyo kitu nitamaliza siku moja."

Tukitoka, Cucu Njeri akasema, "Huyu anataka tumlipe kabla afagie."

Basi tukaandika barua wenyewe, kwa karani wa bunge la kaunti. Ilisema hao wafagiaji walihudhuria mkutano lakini hawakukubali kupunguziwa siku. Nilienda nayo mlango kwa mlango, nikaisomea kila mmoja kutoka juu hadi chini kabla aweke sahihi. Nyumba za kwanza sauti ilitetemeka. Baadaye ikatulia.

Karani akapiga muhuri kwa copy yetu. Tukangoja. Baadaye tangazo likabandikwa kwamba mkutano utarudiwa.

Safari hii list ilianza na mama. Alifungua clipboard, akasimama, akaanza kusoma maneno ya juu kwa sauti, polepole.

"Mama, tuharakishe kidogo, watu ni wengi," afisa akasema.

"Niharakishe niende wapi? Si umenipunguzia siku?"

Hall nzima ikacheka. Hata afisa alitabasamu, wacha nisimnyime haki yake. Maneno yalikuwa "Waliohudhuria" pekee. Mama hakutosheka. Alimwambia aongeze chini yake kwamba kuhudhuria si kukubali. Afisa akaangalia mlango, akaangalia wale akina mama, halafu akaandika na kuweka sahihi yake. Ndipo mama akaweka yake.

Mwishowe siku za kazi zimebaki sita kwa wiki. Mishahara ya nyuma imelipwa kidogo tu, ingine bado tunaambiwa iko njiani. By-election iliisha, na mshindi amezunguka akisema yeye ndiye aliyewaokoa wafagiaji. Mama hakubishana naye. Alikuwa anatoa poster zake za kampeni kwa mtaro.

Nilidhani kusaidia mtu ni kumfanyia haraka. Sikujua ningeweza kuumiza watu kwa mwandiko mzuri. Sasa nikiombwa kumwandikia mtu, namsomea kwanza, hata akiniambia nina maringo.

Nina swali kwenu: kama unafanya kazi kwa ofisi kama hizo, tuambie bila kuficha, hizo list zikifika huko juu huwa zinafanyiwa nini? Na kama jina lako limewahi kutumiwa hivyo, ulifanyaje?

Jibuni tu. Mama akitoka kazi nitamsomea comments zote, hata za kututukana.