Darubini Mbili na Mtu wa Bendera

Mke wangu amenikataza kusimulia jambo hili mbele ya wageni, eti watadhani pensheni imenitia wazimu. Lakini wewe nitakusimulia, kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe, jua halijazama, na sikuwa nimetia kinywani kitu ila chai. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningecheka.

Mimi ni askari mstaafu. Nina leseni ya bunduki ya mchezo, na kila Jumamosi huenda kulenga shabaha katika klabu yetu ndogo, kwenye machimbo ya zamani ya mawe ukitoka Lurambi kuelekea Navakholo. Mkono wangu bado mzuri, nasema bila haya. Macho ndiyo yaliyoanza kunisaliti. Mashindano yalikuwa yamebaki wiki mbili, na mwaka uliotangulia nilikuwa wa mwisho, nyuma ya daktari wa meno. Unajua aibu ya kushindwa na daktari wa meno?

Basi nikaamua kununua darubini ya bunduki. Mwenzetu mmoja alikuwa anauza mbili, bei moja, akaniachia nizijaribu nichague. Ya kwanza ilikuwa mpya, kwenye boksi linalong'aa, inavuta kitu mara ishirini na nne. Boksi lilisema inafaa kwa shabaha na kwa kuwinda. Kuwinda kumepigwa marufuku nchi nzima tangu zamani; hapa Kakamega nikawinde nini, fuko wa kwenye viazi? Ya pili ilikuwa kuukuu, rangi imechubuka, inavuta mara nne tu. Wewe ungechagua ipi? Basi hata mimi. Nikaifunga ile mpya kwenye bunduki, ile kuukuu nikaiweka mezani kando ya chupa ya chai.

Siku hiyo mvua ilinyesha saa tisa kama kawaida yake, ikakatika saa kumi na moja. Wenzangu wakaenda zao. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kosa langu. Sheria ya klabu ni kwamba hakuna kufyatua hata risasi moja kabla bendera nyekundu haijapandishwa, ili majirani wasikaribie lile tuta la udongo linalozuia risasi. Mlinzi wetu, Makokha, ndiye huipandisha. Alikuwa ameishusha, akaenda kukama ng'ombe wake. Nikajiambia, risasi tatu tu, nani atakuja huku na matope haya?

Nikakaa, nikalenga. Kwenye kioo niliona karatasi ya shabaha peke yake, kubwa kama mlango, lakini ya kijivu na yenye ukungu. Nikaweka kidole kwenye triga.

"Nyuma ya shabaha kuna nini?"

Nikageuka. Alikuwa amesimama mtu mrefu mwenye koti la mvua na gambuti, bendera nyekundu imekunjwa kwapani. Nilidhani Makokha amemtuma.

"Hakuna kitu, mzee," nikamjibu. Nikammiminia chai, kwa sababu kwetu mgeni hasimami hivi hivi. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Angalia na hii ingine," akasema, akinisogezea ile kuukuu. "Hiyo kubwa inakuonyeshanga karatasi tu. Na jioni inakuwanga giza."

Nikachungulia ndani yake ili nisimvunjie heshima. Ee bwana! Kila kitu kilikuwa cheupe na wazi: karatasi, nyasi, tuta zima. Na pale nyuma ya karatasi palikuwa na mgongo wa mtu aliyeinama, umefunikwa leso ya rangi ya udongo. Ule mgongo ukasogea.

Niamini, bunduki niliilaza, mdomo wake ukielekea pembeni. Nikapiga ukelele. Mgongo ukainuka ukawa mwanamke mwenye sufuria mkononi, Mama Truphosa, jirani wa pale. Mvua ikikatika kumbikumbi hutoka kwenye kichuguu cha tutani, na kila mtu anajua kichuguu kile ni chake. Alikuja mbiombio, ananitazama mimi na bunduki.

"Wewe baba, bendera haikuwa juu! Kwani nikufe juu ya kumbikumbi?"

"Nisamehe, mama. Mshukuru huyu mzee."

"Mzee gani? Si uko peke yako!"

Kikombe kilikuwa mezani, kimejaa hadi ukingoni, baridi kama maji ya mtungi, na chai iliyobaki kwenye chupa bado inatoa mvuke. Matope yale yote yalikuwa na nyayo zangu tu, na sasa za Mama Truphosa. Ndipo nikakumbuka kwamba gambuti zake hazikuwa na tope hata kidogo.

Makokha aliporudi nikamweleza koti, urefu na bendera. Akavua kofia.

"Huyo ni Ashitiva. Ndiye alipandishanga bendera hapa kabla yangu, na siku zake hakuna mtu aliumia. Tulimzika mwaka juzi." Akakitazama kikombe. "Na chai hakunywanga. Ilimsumbua tumbo."

Nilinunua ile kuukuu. Mashindanoni nikawa wa nne, daktari wa meno wa tano, na moyo wangu umeridhika kabisa. Siku hizi nafika mapema kupandisha bendera mwenyewe. Kuna Jumamosi naikuta imeshapanda, na Makokha bado yuko kwa ng'ombe wake. Nasalimia, nakaa, namwekea uji.

Kwa hiyo wewe unayetafuta darubini, usinunue namba iliyo kwenye boksi. Itoe nje jioni, mwanga ukipungua, uone inakuonyesha nini kando ya kile unachokitaka. Na mtu usiyemjua akikuuliza nyuma ya shabaha kuna nini, toa kidole kwanza, ndipo ujibu. Mimi nilimjibu hakuna kitu. Krismasi iliyopita huyo "hakuna kitu", Mama Truphosa, alikuja kwangu na kuku, akakaa na mke wangu mpaka jioni, wakinicheka.