Shimo Lisilo na Ng'ambo

Jirani yangu wa hapa Kiamunyi, yule mama aliyekuwa akidarizi vitambaa vya makochi, hatunaye tena. Habari niliipokea asubuhi getini kwangu kutoka kwa binti yake, ambaye hakuja kulia bali kuazima viti. "Mathe ametuacha," akasema, na papo hapo akaniuliza kama nina viti vya plastiki, maana wageni walikuwa wameanza kuingia. Nikambebea viti. Ni pale katikati ya geti langu na lao, viti vikinigonga magoti, ndipo maneno yake yaliponiingia. Haki, kifo hakina adabu, kinakukuta hata chai hujamaliza. Ninyi mnaoisoma safu hii mnamfahamu marehemu bila kujua. Kila nilipoandika juu ya safari zangu fupi na yule niliyemwita "abiria wangu", alikuwa yeye.

Mnajua vitambaa vyetu vilivyo. Ni waridi au ni tausi, na michoro yenyewe imenakiliwa kwa jirani aliyenakili kwa mama mkwe wake. Naye alishona tausi miaka mingi, hadi alipomzika mumewe, akachoka. "Tausi nimemwona wapi mimi?" akaniuliza siku moja juu ya ua. Akaamua kwamba kila kochi sebuleni kwake litavaa mahali alipopaona kwa macho yake mwenyewe, na pasiwe mbali kiasi cha kushindwa kurudi kufungia kuku. Wenzake wa chama cha akina mama walimcheka. "Sasa mgeni aegemee mlima?" "Aegemee tu," akawajibu, "mlima haujawahi kulalamika." Dereva nikawa mimi, na yeye akawa mwenye chupa ya chai na viazi vitamu. Longonot hakutaka kupanda. Alikaa karibu na reli akiutazama mlima mpaka mimi nikaanza kupiga miayo. Olkaria, kwenye visima vya umeme wa mvuke, watu wote waliinua shingo kuuangalia mvuke, lakini yeye alipendezwa na yale mabomba, pale yanapopanda na kushuka ili gari na wanyama wapite chini. "Ona goti hilo," akasema. Nyumbani alilishona goti lile, na mvuke akauweka kwa mbali kidogo tu.

Menengai, lile shimo la volkano, ndiyo hatukwenda. Iko hapa nyuma yetu, moshi wa jikoni kwetu unaelekea huko, na kila tukipanga tunaahirisha. "Menengai haitoroki," alikuwa akisema. Kweli haikutoroka. Kilichotoroka ni macho yake. Presha ya macho ilimnyakulia upande mmoja, kisha wa pili, na daktari akamwambia kilichokwenda hakirudi. "Wanasema macho hayana pazia," akaniambia. "Yangu sasa yako nalo, na hakuna wa kulifungua." Alicheka aliposema hivyo, lakini nilijua kinachomuuma. Makochi yote yalikuwa yameshavaa isipokuwa moja, lile la karibu na mlango, lake mwenyewe, na alichokusudia kuliwekea ni Menengai. Sasa angekufa akiwa ameegemea kochi tupu.

Basi asubuhi moja akaja kwangu akipapasa ua kwa fimbo. "Wewe wa gazeti, nipeleke Menengai." Nikaanza, "Mathe, lakini si..." "Sema tu, si sioni? Wewe unaona. Utaniambia."

Tulisimama ukingoni, upepo ukivuta leso yake, mkono wake umenishika hadi nikahisi kucha. "Haya, niambie." Nikatazama lile shimo lote. Mimi, niliyekula kwa maneno maisha yangu yote, nikasema, "Ni kubwa." Akanigeuzia sikio. "Kubwa?" "Kubwa sana." Aliangua kicheko akajishika kiuno. "Ngai! Na hawa wanakulipa uandike! Anzia hapa kwa miguu yako, uende polepole." Nikaanzia miguuni. Nyasi kavu. Kichaka cha leleshwa ambacho mtu amekianikia sweta nyekundu. Ukuta unaoporomoka, na mbuzi weupe waliong'ang'ania katikati yake. Huko chini, mawe meusi na miti iliyoota ndani yake. "Kijani gani? Ya sukuma wiki ama ya majani chai?" Ya sukuma, nikasema. Kisha uzi wa mvuke unaotoka ardhini. "Umeinamia wapi?" Umeinamia kwetu. Hapo mvua ikatushukia, tukakimbilia gari, na mimi njiani nikijipongeza kimoyomoyo kwa kazi nzuri.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziangalia sebule zetu kwa jicho jingine. Hakuna nyumba nisimokuta picha ya kalenda ukutani, mto wa nchi ya theluji na kibanda cha mbao ambacho hakuna kati yetu atakayelala ndani yake. Watu wanapanda ndege kuja kuona bonde hili, nasi tumeanika nguo tukiligeuzia mgongo. Tunaweka akiba ya kwenda mbali, na mambo ya karibu tunayaachia siku ambayo hatuna kazi, na siku hiyo ikifika tunalala. Sisemi watu wasisafiri. Nasema tu kwamba yule mama alifanya ya hapa yakastahili uzi, na sijaona watu wengi wanaofanya hivyo.

Alishona kwa vidole. Binti yake alimtungia sindano kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kila rangi na mahali pake. Mimi hakunionyesha. "Ngoja iishe," alikuwa akiniambia, na iliisha majuma machache kabla naye hajaisha.

Siku ile ya viti niliiona Menengai yake. Sebule ilijaa, watu wamesimama hadi jikoni, lakini kochi la mlangoni hakuna aliyethubutu kulikalia. Nyuzi zilipandana hapa na pale, lakini vyote vilikuwepo: sweta nyekundu, mbuzi, mawe meusi, miti ya kijani ya sukuma, mvuke umetuinamia. Halafu basi. Kutoka hapo hadi kwenye ukingo wa kitambaa ni weupe mtupu. Nilitafuta ule ukuta wa upande wa pili, ambao kila aliyefika Menengai ameuona, nikakumbuka kwamba sikumwambia. Mvua ilitukimbiza kabla sijafika ng'ambo. Binti yake akaja akasimama kando yangu. "Mathe alisema ni kubwa hadi haina mwisho," akaniambia. "Alisema wewe ndiye ulimwambia." Nililia mbele za watu, na sikuona aibu.

Tulipokwisha kumzika nilipanda Menengai peke yangu. Sijui kama nilimnyima ukuta au nilimpa shimo kubwa kuliko alilotuwekea Mungu. Ninachojua, ndugu msomaji, ni kwamba kuna mtu nyumbani kwako ambaye ataona kile tu utakachomsimulia, kwa hiyo ukitazama, tazama hadi ng'ambo. Nilisimama pale pale penye leleshwa, sweta ilishaondolewa, nikasema kwa sauti nilichosahau kusema: "Kuna upande wa pili, Mathe. Ni wa bluu, bluu ya sare ya shule iliyofuliwa sana."